Fungate ya Makinda Watano

Msimu wa karafuu wa mwaka juzi, nilipokuwa darasa la saba, shangazi yangu alipewa talaka huko Mtambile akarudi kwetu Wawi, kwa bibi. Alikuja na sanduku la bati, binti yake wa miaka minane, na tenga lenye makinda watano wa kuku. Makinda hao walikuwa mali ya yule mtoto. Kawalea tangu mayai, na ndio kitu pekee alichoomba kutoka nacho kwa babake.

Bibi alikuwa na kuku wazee saba na jogoo mmoja, ambaye hatukumsifu mbele za wageni, maana jogoo alikuwa alama ya chama, na siku hizo ukimsifu watu hukuuliza utampigia nani kura. Wale wazee walikuwa na roho mbaya kuliko mwalimu wetu wa hesabu. Ukiwatilia makinda wageni kwa ghafla, watawadonoa vichwa mpaka waonekane mifupa.

Kwa hivyo bibi akafanya kama afanyavyo siku zote. Alilichukua dema bovu la marehemu babu, ule mtego wa fito wa kuvulia samaki, akaliweka katikati ya uwanja, akawafungia makinda humo. Wao wanakula ndani, wazee wanakula nje, wanaangaliana matunduni.

"Wamo fungate hawa," alimwambia mtoto. "Bibi harusi hatoki ndani kabla ya siku saba, nao hawatoki. Wakija kutoka, washakuwa wenyeji."

Yalikuwa maneno ya kumtuliza mtoto tu. Lakini mimi ukinipa neno kama hilo siwezi kuliacha likalala.

Siku ya nne watu wazima walikuwa mikarafuuni. Mimi niliachwa nyumbani kulinda karafuu zilizoanikwa majamvini, mvua isizikute. Nikakumbuka kuwa jirani yetu alikuwa ameoza mwanawe, na kwake limebaki bakuli la hina. Nikaenda kuliomba. Nikamwambia binamu yangu kwamba bibi harusi hupambwa.

Akamchagua yule mweupe, aliyekuwa akilala ndani ya kanga yake. Alimpakata, nami nikampaka shingo na mbawa. Adhuhuri tulipomwosha, alikuwa rangi ya embe bivu, na shingoni mwekundu kabisa. Mtoto alicheka akimrudisha demani. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu waje.

"Sasa tumtoe," nikasema.

"Kaka, bibi kasema siku saba. Leo ya nne."

"Huyu kashapambwa. Aliyepambwa anakaa demani kungoja nini?"

"Watampiga?"

"Na mimi nimesimama hapa? Nani wa kumpiga?"

Rafiki zangu wawili walikuwa wakipita njiani, nikawaita. Mmoja akaokota debe akaanza kulipiga. Nikainua dema kidogo, yule aliyepambwa akatoka, anayumba kama amevaa viatu vya kuazima. Jogoo akasimama, akainamisha kichwa upande.

"Bwana harusi anauliza, ndio huyu mliyemwahidi?" akasema rafiki yangu.

Nilicheka mpaka nikaketi juu ya karafuu.

Sasa hili ndilo linaloniuma. Kuku akiona wekundu kwa mwenziwe, hamwachi. Nilikuwa nalijua. Bibi, kuku wake akitoka damu, humpaka masizi ya chungu pale penye jeraha ili wengine wasipaone. Mara ngapi nimemshikia mimi kuku huyo, yeye akipaka. Nilikuwa nalijua, na siku ile halikunijia.

Wale wazee walitokea nyuma ya jiko, wote saba. Nilimsikia mtoto akiniita, "Kaka, kaka," na mimi nikadhani naye yumo mchezoni. Nikaendelea kucheka. Nilipoinuka, yeye alikuwa kati yao kwa magoti, anawasukuma kwa mikono mitupu.

Bibi alirudi akatukuta hivyo. Rafiki zangu walikwisha toweka. Kinda alikuwa bado anapumua, ingawa si kwa muda mrefu. Bibi alilitazama bakuli la hina, akanitazama mimi.

"Lete kisu. Mwanamme wa hapa leo ni nani, si wewe? Chinja asije akawa mzoga."

Nimechinja kuku wengi, na kila mara nilikuwa na kichekesho cha kusema. Siku ile nilipiga bismillahi tu, nikachinja. Nilipokwenda kunawa sikuweza kujua ipi hina na ipi damu.

Jioni ulipikwa mchuzi, nyama yenyewe ya kuhesabika. Bibi akamtilia mtoto paja. Mtoto akalichukua, akaliweka kwenye sahani yangu.

"Kula, kaka."

Nikala, kwa sababu wote walikuwa wakinitazama.

Wale wanne waliobaki bibi aliwaanzishia hesabu upya, siku ya kwanza. Kila alfajiri niliamka kabla ya wote nikawajazia maji kwenye kifuu. Binamu yangu akija, anayamwaga, anakisugua kifuu kwa mchanga, anatia maji mengine. Hakunigombeza hata siku moja. Nami kesho yake naamka tena, najaza.

Siku ya saba binamu yangu alilishika dema mwenyewe. Kabla ya kuliinua aligeuka, akaniambia nikakae ndani mpaka amalize.

Nikaenda ndani, nikakaa.