Fundi wa Kola

Mtaani walimwita Fundi, naye akaitika miaka yote bila kusita. Kumbe ufundi wenyewe ulikuwa kola tu! Pale kiwanda cha nguo alikofanya kazi kila mshonaji ana kipande chake: huyu mikono, yule mifuko, yeye kola za mashati, na mshahara unafuata wingi wa vipande. Kwenye kola hakuwa na mpinzani.

Alipokuwa bado kijana, msimamizi alimwita pembeni, akamwambia ahamie meza ya kukata, ajifunze nguo nzima. Mshahara ungepungua kwanza, mpaka mkono uzoee. Mwenzetu akakataa katakata. Mkewe alikuwa mjamzito, kodi ya nyumba haina huruma, na mkono mtupu haulambwi. Nani wa kumlaumu? Mimi simlaumu. Ila kila alipokumbushwa alisema mwakani, na huo mwaka ukija unakuja na ada ya shule.

Binti yake alipochumbiwa hakutaka gauni la dukani. Akawatangazia wenzake kwamba baba yake ni fundi, atamshonea mwenyewe. Mzee akafurahi, akanunua kitambaa cheupe kilichomeza mshahara mzima wa mwezi, asimwambie mtu kwamba hajawahi kukata gauni. Akajifungia chumbani. Alipotoka, bega moja lilikuwa limepanda, kiuno kimepwaya, na kitambaa kimekwisha. Majuto ni mjukuu, wasemavyo; wake alikuja kabla binti hajaolewa. Alimkumbuka yule msimamizi, akashindwa hata kula.

Binti hakusema neno baya, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Gauni jingine likashonwa na mama mmoja mwenye kibanda nyuma ya soko. Siku moja kabla ya harusi binti akaja nalo nyumbani, halina kola.

"Nimemwambia aache shingo," akasema. "Hapo ni pako, baba."

Mzee akaketi kwenye cherehani. Loo, mikono ile! Chai haijapoa, kola imeshakaa shingoni kama imezaliwa nayo. Binti akalivaa gauni palepale, akazunguka, akacheka, akashukuru. Mzee hakumwona. Alikuwa ameshanyoosha mkono wa kushoto, kama alivyozoea kiwandani maisha yake yote, achukue kola nyingine, na mezani hapakuwa na kitu.