Barua Niliyojiandikia Kuhusu Kufuli Langu

Naona haya kuyaandika, lakini kwa kuwa huko mjini Igowole yanasimuliwa tayari kwa chumvi nyingi, na mimi sipendi habari za kusikia, heri myapate kwa mhusika.

Mimi ni fundi mkuu wa umeme katika kiwanda kimoja cha chai Mufindi, na kanuni yetu ni kwamba fundi anayetengeneza mashine huifunga swichi yake kwa kufuli lake binafsi, mtu asije akawasha umeme naye mikono imo ndani. Jumamosi moja nilimaliza kutengeneza feni za kunyaushia majani, nikalitazama kufuli, nikaitazama saa (nilikuwa na basi la Iringa, kwenye ubatizo wa mjukuu), nikaamua nitalifungua Jumatatu. Jumatatu ilipofika nilikuwa nimesahau kabisa.

Majani mabichi yakajaa kwenye vitanda vya kunyaushia, feni hazizunguki hata moja. Akanijia Mama Neema, msimamizi wa feni, ambaye pia ni mkulima, na majani ya shamba lake yalikuwa humo.

"Kamwene, Mzee," akanisalimu. "Wanasema swichi kubwa ina kufuli."

"Wanasema akina nani? Mama, umeme haupimwi kwa wanasema!"

Basi nikapima. Nikapima feni ya kwanza mpaka ya mwisho, nikafungua mota mbili zilizokuwa nzima kabisa, nikaandika kila sifuri daftarini, huku majani yakizidi kupata joto (yakipita kiasi huwa mekundu, na chai yake haifai), na kila Mama Neema alipofungua kinywa nilimwinulia kidole. Hatimaye utaalamu wangu ukanifikisha kwenye swichi kubwa. Kufuli lilikuwa na jina langu, kwa mwandiko wangu.

Funguo zilikuwa Iringa, ndani ya koti nililolisahau huko baada ya ubatizo.

"Likateni," nikasema. Meneja akanionyesha ukutani kanuni niliyoitunga mwenyewe: kufuli halikatwi ila mwenyewe aombe kwa barua, na fundi mkuu aidhinishe.

"Ulitufundisha wewe, Mzee."

Nikamwandikia barua fundi mkuu, nikaipokea, nikamwonya mwombaji kwa uzembe wake, nikaidhinisha. Grinda ya kukatia chuma ikaletwa, haikuwaka; soketi zote za upande ule zinalishwa na swichi ileile. Waya mrefu ulikuwa kabatini kwangu, na ufunguo wa kabati ulikuwa kwenye koti. Ukabaki msumeno wa mkono, dhidi ya kufuli ambalo muuzaji aliniapia kuwa halikatiki (sikumwamini, alisema kweli).

Nilipokuwa nikikata kwa jasho, Mama Neema na wenzake waligeuza majani kwa mikono ili yapoe.

"Wanasema linakaribia!" akapaza sauti, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Feni zilipozunguka, majani mengi yalipona. Ya kitanda chake, yaliyotangulia kuingia, hayakupona.

Nimeapa kwamba kufuli langu halitalala tena kiwandani bila mimi. Lakini kiapo hakirudishi majani, hivyo siku ileile niliandika barua ya pili, kwamba majani ya Mama Neema yalifika yakiwa mazuri na aliyeyaharibu ni mimi, ili yasihesabiwe kuwa mabovu, naye alipwe. Akaisoma polepole.

"Yalifika mazuri? Uliyapima, Mzee?"

"Sikuyapima," nikamjibu. "Nimesikia kwako."