Nyumba ya Mama Iliyojengwa kwa Aisingi

Habari zilinikuta Malaba, nimekaa kwenye kibanda cha chai nikingoja mvua ipungue. Mwenye kibanda alikuwa akinimiminia kikombe cha pili. "Boss, umesikia yule mama wa keki wa Busia ametuacha? Wamezika Jumamosi." Chai ilinishinda papo hapo. Ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba siandiki tanzia. Za wakubwa zina waandishi wake, na wadogo mara nyingi hawaandikiwi kabisa. Lakini huyu mama nilimdanganya akiwa hai, tena mara tatu, na uongo wenyewe unanikera moyoni. Leo nivumilieni niuseme.

Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko la Busia. Alianza kwa kuoka ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na hata baada ya kununua jiko la umeme aliendelea kulisema vibaya kila stima ilipopotea. Wenzake walipamba keki kwa maua. Yeye alijenga nyumba. Mabati yake yalikuwa na kutu ya mdalasini. Nyasi za paa alizipata kwa kukamua aisingi, ule urojo wa sukari wa kupambia keki, kwenye chujio la chai, zikatoka nyuzi nyuzi, akazilaza moja moja. Kisha alichukua mswaki mpya, akauchovya kwenye kakao, akaukwaruza kwa kidole gumba, na chini ya ukuta yakatokea madoa ya tope, yale yanayorushwa na mvua ikipiga ardhi. Wanunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka walisimama mlangoni wakishangaa "banange!" na kunyoosha mikono waguse. "Angalieni na macho," aliwaambia. "Vidole wekeni kwa mfuko."

Mama yangu alipokaribia kutimiza miaka themanini, nilimwendea huyu fundi wa keki. Nyumba ya mama kule Rukala, aliyoikandika kwa mikono yake mwenyewe, ilichukuliwa na mafuriko ya mto Nzoia pamoja na kila kilichokuwamo, na hatuna picha yake hata moja. Tangu hapo mama anaishi kwa dada yangu Namboboto, juu mlimani, na nyumba ile haitaji kabisa. Nilitaka aione tena, japo kwa siku moja. Basi nikamchorea fundi wangu karatasini: mlango hapa, dirisha pale, na ukutani zile alama za vidole za mkandikaji, upinde juu ya upinde. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Boss, wewe ulilala kwa hii nyumba ama ulikuwa unapita tu?" Nikakasirika. Nikamwambia mimi nimezaliwa humo! "Sawa, lakini hii umechora ni ukuta wa mtu yeyote. Wacha niende nimwone mwenyewe."

Nilimkataza, nikihofia angeharibu siri yetu. Akaenda hivyo hivyo. Alijifanya mpita njia anayetafuta mtu wa kumfundisha kukandika, na mama, ambaye hajawahi kumnyima mtu somo, akamkalisha na beseni la udongo nyuma ya jiko la dada. Alirudi Busia na tope kwenye kucha, akanipigia simu. "Mama yako ni wa shoto. Alama zake zinalalia upande ule mwingine. Ulikuwa unataka niweke mkono wa nani kwa ukuta wake?" Nimemwona mama akilima, akipika na kunichapa kwa mkono wa kushoto maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba ukuta nao uliyajua hayo.

Siku ya sherehe keki iliwekwa mezani. Mama alikuja taratibu, akainama, akapachika ncha za vidole vyake vya kushoto kwenye ile mifereji midogo. Ilikuwa midogo mno kwa vidole vyake, lakini ililalia upande wa mkono wake. "Huyu ameujulia wapi mkono wangu?" akauliza, na machozi yakamtoka. Sisi tukapiga makofi, tukaanza kuimba, na dada akamletea kisu chenye utepe. Mama alikisukuma. "Nani amekufa hapa?" Wimbo ukakatika. Kwetu nyumba ya mtu haibomolewi mwenyewe angali hai, na mimi, mwana wa nyumba, nilisahau hilo nikakumbuka utepe. Tukala ugali na samaki. Keki ikakaa juu ya kabati siku tisa, mama akiamka kuitazama, hadi sisimizi wakamshinda.

Fundi alipiga simu kesho yake: ilikuwa tamu? Nikasema tamu sana, watu wamegombania. Aliuliza tena tulipokutana sokoni, na tena mwaka uliofuata, nami nikajibu vilevile. Daima alisema keki ni chakula na isiyoliwa ni aibu ya mwokaji, nami niliogopa kumwaibisha. Siku hizi mteja hutuma picha ya gorofa la Nairobi kwa simu, nayo huchapwa juu ya karatasi ya sukari na kubandikwa kwenye keki. Sisi waandishi nasi tunamhoji mtu kwa simu, tukiwa tumekaa tulipo. Yeye alipanda bodaboda hadi Namboboto kwa ajili ya upande ambao vidole vinalalia.

Sijui angecheka au angeudhika kusikia kwamba keki yake haikuonjwa. Hilo lilikuwa lake kuamua, na mimi nilimwamulia. Ukiwa na fundi aliyekutendea jambo, mwendee, mweleze lilivyokuwa, lote, angali anasikia. Nilimsifia utamu nisioujua, nikamficha kwamba kwa siku tisa mama yangu alikuwa na kwake tena.