Siku Mama Alipokataa Kupiga Magoti

Juzi nilimsikia karani akimfokea bibi kizee, nikamkumbuka mama akipiga pasi nyumbani kwa memsahibu, nami mtoto nimeketi kando yake. Chumba kilinukia mkaa na wanga. Memsahibu aliona kikunjo kwenye shati, akamtukana mama kwa kumwita nyani, kisha akamwamuru apige magoti aombe radhi.

Mama aliweka pasi chini taratibu. "Samahani kwa shati, memsahibu. Lakini sipigi magoti."

"Unanijibu?"

"Nakujibu kwa adabu. Mie Mkristo. Yesu kanikataza kukutukana, hakunikataza kusimama."

Alifukuzwa palepale. Njiani kurudi Kinondoni nililia kwa hasira, nikidhani ameogopa kumrudishia tusi. Leo najua woga haukuwa wake, ulikuwa wa memsahibu.

Siku ile mama aliniona nikilia, akacheka. "Kutukana ni kazi rahisi, mwanangu. Hata yule kaiweza."