Jicho la Mnunuzi wa Mawe

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Hapa Katoro nimemwona mtu akinunua gari Jumatatu na kuomba chai Alhamisi, na sikushusha hata kikombe changu. Shule niliishia darasa la nne. Nyumba tatu nimejenga kwa jicho hili: nikilitupa kwenye kiroba cha mawe ya dhahabu, najua kina nini. Waliosoma wanakuja na vyombo. Mimi nakuja na jicho.

Mama watoto alikuwa anajenga ghala lake la mchele Kahama. Kuta zilishasimama, bado mabati, na mvua zilikuwa zinakaribia. Pesa za mabati alinikabidhi mimi, maana kuna duka la Mhindi ninapopunguziwa bei. Njiani nikapita mwaloni, mahali mawe yanaposagwa na kuoshwa, nikamkuta mchimbaji anauza viroba thelathini, elfu sitini kimoja.

"Pima kwanza, bosi," akasema. "Ingiza mkono tu, usichague."

"Wa kuingiza mkono bila kuangalia ni kipofu," nikamjibu. Watu wakacheka, nami nikafurahi.

Nikachagua mwenyewe, kipande kimoja kila kiroba, vingine vya juu, vingine vya chini kabisa, maana mimi si mjinga. Tukavitwanga, tukauosha unga kwenye karai. Ukabaki mstari wa njano ambao hata mtoto angeuona. Nikapiga hesabu: mabati yatapatikana, na dari juu yake. Nikalipa.

Viroba kumi vya kwanza vilisagwa kwenye krasha, ile mashine ya kusagia mawe. Dhahabu iliyotoka ilirudisha gharama ya kusaga, basi.

Nikajua papo hapo kwamba mwenye krasha kaniibia, na nikamwambia hivyo mbele za watu.

"Mzee," akasema, "toka asubuhi umekalia mawe yako mwenyewe."

Ni kweli, nilikuwa nimekaa juu ya kiroba. Basi nikajua ni yule mchimbaji, kabadilisha mawe. Kichwa kikishaamua kwamba hakijakosea, mwizi hakosekani.

Nilikuwa naelekea kwa mwenyekiti wa mtaa kumshtaki, mama watoto akashuka kwenye basi la Kahama. Simu yangu nilikuwa nimeizima siku mbili. Hakupiga kelele. Aliuliza nilipimaje, nikamweleza, kwa fahari kidogo.

"Baba watoto, mimi gunia la mchele nalipima kwa nini?"

"Kwa bambo."

Bambo ni kile chuma cha kuchoma gunia. Kinatoka na punje zozote kilizokutana nazo.

"Bambo lina macho?"

Akanifunga uso kwa mtandio wake, pale pale mwaloni.

"Bibi harusi kapendeza," mtu akasema nyuma yangu. "Mahari ng'ombe wangapi?"

Nikapapasa, nikatoa jiwe moja katika kila kiroba kilichobaki. Kisha akanifungua, nikachagua tena kwa jicho, viroba vile vile. Tukatwanga mafungu yote mawili. Fungu la jicho likatoa mstari wa njano. Fungu la mtandio likatoa mchanga mweusi na chembe moja, pweke. Hakuna aliyeniibia. Kila kiroba kilikuwa na vipande vichache vyeupe vyenye kutu, ndivyo vyenye dhahabu, na jicho langu, zima kabisa, lilikuwa linavifuata vyenyewe tu.

Nikamwomba radhi mwenye krasha. Akasema ameshazoea.

Jioni akaja mnunuzi kutoka Shinyanga, viatu safi, akataka viroba vyote ishirini kwa bei ile ile niliyonunulia mimi.

"Ila vya kupima nachagua mwenyewe," akasema. "Mimi sidanganyiki."

Nikamtazama mama watoto. Hayo yalikuwa mabati zaidi ya nusu. Yeye alikuwa anakunja mtandio wake, taratibu.

"Fumba macho kwanza," nikamwambia yule bwana.

Akadhani natania. Akafumba, akapima, akakitazama kile kilichobaki kwenye karai, kisha akanilipa elfu kumi na tano kwa kiroba.

Ghala liliezekwa kona moja, ile ya magunia. Kwingine mvua ilijinyeshea. Nauli ya mama watoto, kuja na kurudi, elfu ishirini na nne, alisema hiyo pia ni hasara ya jicho, na sikubisha. Kwa hiyo jumla ni shilingi milioni moja, laki tano na elfu ishirini na nne.