Mtungi Mtupu Mlangoni

Cha kwanza mtu anachokiona kwa Sajini Indrakala Thulung ni namna anavyosimama. Miguu ameiachanisha, mgongo umenyooka, macho yako mlangoni, hata akiwa kwenye foleni ya gesi. Kazi ya kulinda amani mashariki ya Kongo haijamtoka mwilini.

Asubuhi ile alisimama hivyo hivyo katika ukumbi wa ofisi moja ya serikali jijini Kathmandu, sare imepigwa pasi, medali kifuani, begi kando yake. Wajumbe wa Nepal walikuwa wanaondoka kwenda New York, kwenye mkutano wa wanawake walinda amani. Wiki iliyotangulia yeye alikuwa ameondolewa kwenye msafara, na nafasi yake akapewa mpwa wa mkubwa fulani. Kisha jana akapigiwa simu: njoo kesho, uvae sare. Akajua wamejirudi. Visa alikuwa nayo bado. Akalala akirudia maneno aliyowaahidi wanawake wa kambi ya wakimbizi kule Kongo: kwamba atawaambia wakubwa doria zipite alfajiri, wanapokwenda kuteka maji, maana ni njiani humo wanamokamatwa na kubakwa. Doria inayopita jua limeshapanda haimlindi mtu. Akiwa kazini aliliomba jambo hilo mpaka akachoka. Hakujibiwa.

"Begi la nini, dada?" aliuliza Sarala, karani wa mapokezi.

"La safari."

Sarala aliinamisha macho. Akampa mtungi wa shaba uliojaa maji, maua ya njano yakielea juu. "Wamesema usimame nao hapa mlangoni. Uwatakie heri."

Indrakala aliupokea kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake. Hasira ikaanza kumpanda taratibu.

Bwana Hemraj Lohani, kiongozi wa msafara, alishuka ngazi na wenzake wawili, mmoja wao yule mpwa, shingo zimejaa mashada ya maua, vipaji vya nyuso vimepakwa tika, rangi nyekundu ya baraka.

"Aa, shujaa wetu huyu hapa! Dada, kwenye picha utapendeza."

"Mkuu, mnakwenda kusema nini huko?"

"Habari za wanawake walinda amani. Maelezo yako yametusaidia sana."

"Kati yenu watatu, mwanamke ni yupi?"

Dereva aliyekuwa akibeba mabegi yao alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Punguza ukali, dada. Leo siku ya heri."

"Na habari ya njia ya maji? Imo?"

"Ile tuliiondoa. Mkutano wa watu wazito ule, hatuendi kulaumiana."

Tuliiondoa! Kutoka njia ile Indrakala alimbeba msichana mdogo mikononi, damu ikimlowesha mpaka kiunoni, na huyu bwana, ambaye hajawahi kukung'uta vumbi la kambi kwenye kiatu chake, amemwondoa. Indrakala akauinamisha mtungi. Maji yakamwagika kizingitini pamoja na maua, hadi tone la mwisho. Akasimama katikati ya mlango na mtungi mtupu.

Katika mji ule mtu haanzi safari kubwa kwa kupishana na mtungi mtupu, afadhali aiahirishe. Lohani alirudi nyuma kama aliyeona nyoka. Saa ya kutoka alipangiwa na mnajimu, na mlango pia: ni huu huu, unaoelekea mashariki.

"Jaza!"

"Bomba lile pale, mkuu. Jaza mwenyewe."

"Sarala, mnyang'anye!"

Sarala aliitazama ile medali, kisha akatazama kucha zake. "Mimi mkono unaniuma, mkuu."

"Unataka nini wewe mwanamke?"

"Kiti changu. Nikaseme mwenyewe. Kama haiwezekani, piteni. Mtungi ndio huu, na ndege inawasubiri."

Hakuna aliyepita. Yule mpwa alinong'ona kwamba kama ni lazima mmoja abaki, basi yeye tumbo halimkai vizuri tangu jana. Lohani alimkata jicho, akatoa simu, akampigia katibu mkuu wa wizara. Jasho lilikuwa linaichuruzisha tika mpaka puani.

Simu ikaita. Ikaita tena. Indrakala hakusogea mlangoni hata kidogo. Alikuwa ameikazia macho simu ile, akingoja upande wa pili upokee.