Geuza Gogo

Asubuhi ile niliondoka mji wa Nyundo kwa sababu mwenye chumba alikuwa amebadilisha kufuli. Sikuwa na mpango. Nilisimama barabarani, likatokea lori tupu linalopanda kuchukua viazi, nikalipungia mkono. Dereva akaniuliza ninakwenda wapi. "Unakokwenda wewe," nikamjibu. Hakucheka, ila alinifungulia mlango.

Alinishusha Bugeshi mchana, kwenye ukungu na baridi inayouma masikio. Nyumba ya wageni sikuiona, na lori lilikuwa halishuki mpaka kesho. Wingu zito lilikuwa limeshakaa juu ya volkano iliyo nyuma ya kijiji. Nilihitaji paa kabla ya jioni, na sikumjua mtu. Ndipo niliposikia msumeno.

Niliufuata mlio kati ya mashamba ya viazi mpaka kwenye ua wa mabanzi, yaani vile vipande vya pembeni vya gogo vinavyobaki na gome upande mmoja. Kila kitu pale kilijengwa kwa mabanzi: ua, zizi, choo, hata benchi. Katikati, injini ya dizeli iliyong'olewa kwenye mashine ya kusaga ilizungusha msumeno wa duara kwa mkanda. Mwanamume wa makamo alisukuma gogo la mkaratusi juu ya kigari, na mkewe alipokea mbao upande wa pili.

Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo siwezi kuipita mashine bila kusimama. Nikatoa daftari, nikaanza kuchora mkanda ulivyopita.

Mwanamume akazima injini. "Unaandika nini? Umetumwa na watu wa ofisi ya sekta?"

"Hapana, mzee. Natafuta pa kulala."

"Pa kulala, na daftari mkononi? Kibali cha kukata miti ninacho. Nenda kawaambie." Alikuwa amekulia Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

Mkewe aliziangalia ndala zangu, akasema kwa Kiswahili cha mpakani: "Mutu wa sekta anavaaka viatu. Huyu iko mwizi tu."

Ningeondoka. Lakini kando ya ukuta niliona mbao zao zikikauka, zimepinda kama mbavu za ng'ombe, na juu yake wamerundika mawe meusi ya volkano ili zinyooke.

"Hata mkizibebesha mlima wote hazitanyooka," nikasema. "Unapasua upande mmoja tu."

Nilijua kwa sababu kule Nengo niliwahi kumbebea mabanzi fundi mmoja wa kupasua mbao miezi kadhaa. Mkaratusi una nguvu iliyofungwa ndani yake. Ukitoa mbao upande mmoja mfululizo, upande uliobaki unavuta, na gogo linajikunja likiwa bado kwenye kigari. Inabidi utoe moja huku, uligeuze, utoe nyingine kule.

Mwanamume akatema mate karibu na mguu wangu. "Miaka minne napasua hapa. Leo mzururaji wa ndala ndiye mwalimu wangu?"

"Bon, miaka ine," mkewe akasema, "na mulango ya jirani ya mbao yako haiyafungika mupaka leo."

Hilo lilimchoma kuliko maneno yangu. "Haya! Tutageuza. Mbao ikipinda, unaniachia hilo koti na unashuka na mvua."

"Na ikinyooka?"

"Sijasema kitu."

"Atalala," mke akasema.

"Alale wapi? Kwangu?"

"Kwangu. Hii shamba ni ya baba yangu, ama umesahau?"

Tulishika gogo kuligeuza, yeye mwanzo, mimi mwisho. Aliachia upande wake kabla sijashika vizuri, nikanusurika kupoteza vidole. Akaenda kuwasha injini. Nilimchukia kiasi cha kusukuma kigari peke yangu mpaka banzi la kwanza likadondoka. Tukageuza tena. Mbao ikatoka.

Mke aliiinua, akafumba jicho moja. "Iko sawa."

Mume akamnyang'anya. Akailaza juu ya reli, akapiga magoti kutafuta mwanga wa pengo chini yake. Hakuuona. Akaipindua, akatafuta tena.

"Bahati," akasema. "Ilikuwa ya katikati ya gogo."

Tukapasua ya pili, ya tatu, ya nne, tukigeuza kila mara. Kila moja aliipigia magoti, na kila moja aliinuka amenuna zaidi. Mvua ilipoanza kudondoka, gogo lilikuwa limekwisha.

"Kesho uwe umeondoka kabla sijaamka," akaniambia, akafunika injini kwa turubai.

Mkewe alinipeleka kwenye banda lililoinuliwa juu ya miguu minne. Kuta zake zilikuwa za mabanzi, na kati ya banzi na banzi paliachwa nafasi ya kupitisha kidole. Nusu ya sakafu ilijaa viazi. Upepo uliingia kila upande. Nikaokota gunia kuukuu, nikaanza kulisokomeza kwenye nafasi.

"Acha!" Alinipiga mkononi. "Hii ni viazi ya mbegu. Inapumua. Usizibe hata tundu moja."

"Na mimi, mama?"

"We ukikufa tutakuzika. Mbegu ikioza, tutakula nini?"

"Tena tumevihesabu!" mumewe akapaza sauti kutoka uani.

Mwanamke akaondoka na gunia lake. Viazi vilikuwa vimeshachukua upande usiovuja. Nikajilaza upande uliobaki.